Siku Nne za Msafiri: Mwaka Wetu wa Kwanza Dodoma



Kila tukipiga simu nyumbani suali ni lile lile: "Haya, mmeshazoea?" Mama anauliza, shangazi anauliza, na tunaambiwa hata muuza samaki wa mtaani anatuulizia. Sisi tu wanne, wawili wa Unguja na wawili wa Pemba, na huu ni mwaka wetu wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Tumeona tuwaandikie jibu refu kidogo, maana wengi mnaosoma hapa nanyi mko njiani kuhama: mwengine anakwenda kusoma, mwengine anaolewa mbali na kwao. Kuhama ni kuhama.

Safari yenyewe siku hizi si ngumu. Boti ya Malindi inakufikisha Dar es Salaam kwa muda wa kama saa mbili, kisha kuna treni ya umeme, ile ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Kwa basi, hizo kilomita 450 hivi zilikuwa zinakula siku nzima. Kwa treni unamaliza kwa saa tatu au nne. Kaka wa mmoja wetu alitusindikiza, akatukabidhi kwa mwenye nyumba, akalala usiku mmoja, akarudi zake.

Tulifika mwishoni mwa Oktoba, kiangazi kikiwa kimekomaa. Ardhi nyekundu, mibuyu haina jani hata moja, na upepo mkavu unaokausha kanga kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika ya pili. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, karibu yote ikinyesha kati ya Disemba na Aprili. Sisi tuliozoea masika na vuli, na unyevu wa bahari kwenye ngozi, tulihisi kama mtu ametufungulia mlango wa tanuri.

Sasa turudi kwenye kuzoea. Wiki ile ya kwanza ulizuka mjadala chumbani kuhusu sala. Mmoja wetu alikuwa bado anapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, kama tulivyofanya njiani. Mwengine akasema ruhusa ile imekwisha. Tukampigia simu ustadhi wetu wa chuoni, yule aliyetusomesha tangu tuko wadogo. Akatukumbusha lile ambalo wengi wetu visiwani tumelisoma katika fikihi ya Imamu Shafii: msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi si msafiri tena. Ni mkaazi. Anaswali kamili tokea anapofika.

"Nyinyi mmenuia kukaa mwaka," akasema ustadhi. "Mkaazi ana haki zake na ana wajibu wake. Mjue majirani zenu."

Tumeyafikiria sana maneno hayo. Sheria inampa mgeni siku nne tu. Moyo hauna haraka hiyo. Moyo unaweza kukaa miezi na masanduku yake mlangoni. Lakini sala mara tano kwa siku inakukumbusha kwamba hapa ulipo ndipo unapoishi, na mambo mengine unayapanga kwa kufuata hilo.

Jambo la kwanza lilikuwa maji. Tumepanga vyumba viwili Ng'ong'ona, mtaa uliojaa wanafunzi pembeni ya chuo, kwa bibi mmoja Mgogo, Mkristo, mjane. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao; yakija kila mtu anajaza madumu, yasipokuja unaishi kwa ulichojaza. Siku ya tatu bibi alitugongea. Hakugomba. Aliuliza tu, "Wajukuu, mbona usiku wa manane nasikia maji? Mnafua?" Tukamwambia ni udhu wa Alfajiri. Akauliza ni mara ngapi kwa siku. Tukamwambia, na tukaona anahesabu kimyakimya: wasichana wanne, mara tano.

Usiku ule tulifanya hesabu yetu. Katika hadithi sahihi tumesoma kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji. Mudi ndiyo kibaba chetu, kile ambacho vinne vyake vinafanya pishi moja tunayoijua kwenye zaka ya fitri. Kibaba hakifiki lita. Kwa hivyo udhu mara 20 kwa siku, kwa sote wanne, haumalizi dumu moja la lita 20. Tukanunua kopo dogo lenye mdomo, tukaacha kutumia ndoo. Tukamwambia bibi: dumu moja kwa siku, halizidi. Kesho yake alitenga dumu la manjano kwenye kivuli, akalifunga kitambaa chekundu mkononi. "Hili la sala," akasema. Mpaka leo hakuna anayeligusa kwa jambo jengine, hata wajukuu zake wa damu.

Bibi huyo huyo ndiye aliyetufunza "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Ukiingia sokoni Majengo ukaitoa kwa mama muuza mboga, uso wake wote unafunguka. Na ndiye aliyetupikia mlenda kwa mara ya kwanza, pamoja na ugali wa uwele. Tusiwafiche: mlenda unateleza, na mtu aliyelelewa kwa wali wa nazi na mchuzi wa nguru anahitaji muda. Nazi zinapatikana, lakini nazi ya Dodoma imesafiri kama sisi na bei yake inalijua hilo. Samaki wengi wabichi tunaowaona sokoni ni wa maji baridi, perege wa Bwawa la Mtera. Tukawapaka pilipili, ndimu na tangawizi kama nyumbani. Wakakubali.

Na zabibu! Visiwani zabibu ni kavu, za kutia kwenye biriani. Hapa zinaning'inia shambani, na mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka. Nyingi zinakwenda kutengeneza mvinyo, jambo ambalo halituhusu, lakini za kula zinauzwa kwenye ndoo na mabeseni barabarani. Tulizikamua juisi wakati wa Ramadhani tukampelekea bibi jagi lake. Tunakumbuka Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipouliza kuhusu majirani wawili ampe nani zawadi, akaambiwa ampe yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Mlango wa bibi uko hatua sita kutoka wetu.

Ramadhani ndiyo iliyotutia jaribuni. Dodoma na mji wa Zanzibar ziko karibu mstari mmoja kutoka ikweta, lakini Dodoma iko magharibi zaidi, kwa hivyo jua linachelewa kwetu. Magharibi ya Unguja ikiingia, sisi tunabaki na kama dakika 14 za kusubiri; wenzetu wa Wete wanasema kwao ni kama 16. Siku ya kwanza tulipiga simu nyumbani kwa video. Tukaona mkeka, tukaona tambi, tukaona kaimati, tukasikia adhana ya msikiti wa mtaani, na mama akatia tende kinywani. Sisi tumekaa na tende zetu mkononi. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja wetu alizima kamera akatoka nje.

Siku zilizofuata tulipanga vyengine. Zile dakika 14 tukazifanya za dua, kwa kuwa dua ya mfungaji wakati wa kufuturu inatarajiwa kujibiwa. Tukagawana majina: leo tunawaombea wazazi wa fulani, kesho wagonjwa, keshokutwa mabiharusi wote wa mtaani kwetu. Simu nyumbani tukapiga baada ya Tarawehe. Kibla hakikutupa tabu, maana hapa ni kaskazini kama kwetu, kimeinama kidogo tu upande wa mashariki, kama nyuzi 8. Idi tuliswali Msikiti wa Gaddafi mjini, katikati ya wanawake wa kila kabila. Mji huu umejaa wahamiaji. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini wafanyakazi wengi wa serikali wamehamia miaka ya karibuni tu. Tuligundua kwamba nusu ya waliotukumbatia siku ile nao walikuwa mbali na mama zao.

Darasani tunaitwa "Wapemba" sote wanne. Mwenzetu wa Makunduchi alikataa mwezi mzima, halafu akachoka.

Baada ya Idi tulianza kupaka hina. Bumu, kama wanafunzi wanavyoziita fedha za mkopo, haliendi mbali, na sisi mikono yetu inajua. Hina ya Dodoma ina mambo yake: upepo mkavu unaikausha na kuipasua haraka kabla haijashika, kwa hivyo tunaipiga pamba yenye maji ya ndimu na sukari mara kwa mara, na tunamfunika biharusi mikono usiku. Piko ya rangi ya nywele hatupaki. Tumeona mikono iliyotoka malengelenge, na biharusi hana siku ya ziada ya kupona. Tunachanganya hina safi, rangi inakuja nyekundu iliyoiva, inatosha.

Kazi hiyo ndiyo iliyotupeleka Kondoa, kilomita kama 160 kaskazini, kumpaka biharusi wa Kirangi. Warangi wengi ni Waislamu tangu vizazi. Tulikuta misikiti, tukakuta kina mama wanasoma maulidi, tukakuta somo wa biharusi anamfunda kwa maneno ambayo, ukiondoa lafudhi, ni yale yale ya kwetu. Mama mmoja akatuuliza, "Kwani nyinyi mlidhani bahari ndiyo inayoleta dini?" Tukacheka mpaka hina ikaharibika kwenye kidole kimoja.

Jambo zito tumelibakisha hapa, na mwenyewe ametupa ruhusa ya kulisimulia. Mwenzetu mmoja wa Wete alikuja Dodoma akiwa ameshaposwa. Makubaliano yalikuwa nikahi ifanyike akimaliza shahada. Mwezi wa Januari ukaja ujumbe kutoka upande wa bwana harusi: wanataka harusi iwe baada tu ya Idi, na biharusi asirudi tena chuoni. Sababu walizotoa ni kwamba msichana anayekaa Bara peke yake hubadilika, na kwamba watu wameanza kusema.

Tulikesha naye usiku ule. Sote tunajua visiwani neno "watu wanasema" linavyouma. Alikuwa anampenda yule kijana, na alikuwa amepata alama nzuri katika mitihani ya muhula. Hakujibu kwa hasira wala hakujibu kwa woga. Aliswali istikhara. Kisha akampigia baba yake, ambaye ndiye walii wake, akamwambia: "Baba, mimi ndoa siikatai. Nataka nikahi iwe likizo ya mwisho wa mwaka, na nirudi kumaliza miaka miwili. Naomba liandikwe kabla ya nikahi, kila upande uwe na nakala." Baba alikaa kimya kidogo, akasema atalipeleka.

Lilichukua miezi. Jibu lililokuja mwezi wa Mei hatukulitarajia: mama wa bwana harusi mwenyewe atapanda boti na treni, yeye na binti yake, waje waone.

Walikaa usiku mbili. Mama yule hakuuliza maswali mengi. Aliangalia. Aliliona dumu la kitambaa chekundu akauliza ni la nini, na bibi mwenye nyumba akamweleza kabla yetu, kwa fahari, kama kwamba dini ni yake. Alienda nasi sokoni, akaona tunavyosalimiwa. Alituona tunatoka saa 1 asubuhi kwenda darasani na mabuibui yetu, na alituona tunarudi.

Usiku wa kwanza ilipofika Isha tukamwomba atuswalishe, kwa kuwa ndiye mkubwa. Akasimama katikati ya safu yetu, kama wanawake wanavyoswalishana. Yeye na binti yake ni wasafiri, hawakunuia kufika siku nne, kwa hivyo walipunguza. Baada ya rakaa mbili akatoa salamu. Sisi wanne tukainuka kukamilisha mbili zetu.

Tulipomaliza alikuwa ametugeukia. Alituangalia kwa muda, kisha akasema, "Kumbe nyinyi wakaazi hapa. Mgeni ni mimi."

Hakusema zaidi ya hapo, na sisi hatukuongeza. Lakini asubuhi alimwita mwenzetu kando, akamvua pete moja ya fedha kidoleni mwake mwenyewe akamvisha. Nikahi imepangwa baada ya mitihani, Inshaallah. Yale makubaliano yameandikwa, mawalii na mashahidi wanayo. Mwezi wa Novemba tutarudi naye Dodoma, akiwa mke wa mtu.

Kwa hivyo, dada yetu unayejitayarisha kuhama, tunakuachia machache yaliyotufaa.

Kama una sharti la masomo au kazi, liseme kabla ya nikahi, kupitia walii wako, na liandikwe. Wanazuoni wametofautiana katika masharti gani yanamlazimisha mume na yapi ni ahadi ya heshima tu, kwa hivyo muulize kadhi wa kwenu mapema. Usingoje mpaka fungate.

Fungua sanduku siku ile ile unayofika. Nguo zikikaa kabatini na moyo unaanza kutafuta mahali pake.

Mjue jirani kabla hujamhitaji. Usiangalie dini yake kwanza. Angalia mlango wake uko wapi.

Wapigie wazee simu kwa saa ambayo haitawatia simanzi wao wala wewe. Mapenzi hayapungui kwa kupangiwa wakati.

Na chukua mafuta ya nazi, lakini ujue Dodoma mwezi wa Juni na Julai usiku ni baridi kweli, na chupa yako utaikuta asubuhi imeganda nyeupe kama samli. Iweke ndani ya maji ya moto kidogo, yatayeyuka. Ndiyo hali yetu tunapowaandikia hivi, Julai, tumejifunika mablanketi mawili mawili na mitihani iko mlangoni.

Mmeshazoea? Tunaswali kamili, alhamdulillah. Tunaikumbuka bahari kila siku. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na hatuoni kama moja linalivunja jengine.

Tuombeeni dua, tufaulu na tuvuke salama. Nasi tunakuombeeni, hasa nyinyi mabiharusi wa mwaka huu: Allah akujaalieni nyumba mnayohamia iwe ya utulivu, mapenzi na rehema. Amin.

Wassalaamu alaykum,
Dada zenu wanne, Ng'ong'ona, Dodoma